Kinywa cha Mwinyi Mshindo

Hapo zamani, zamani ya watu wenye meno mengi na ujasiri kidogo, mji wa Makorongoni ulitawaliwa na Mwinyi Mshindo. Alikuwa mkubwa wa jina, wa tumbo na wa kilemba. Mila ya mji ilikuwa hii: mtawala akifungua kinywa, usimtazame kinywa. Mtazame kilemba.

Asubuhi moja Mwinyi alipiga mswaki, akatema, akaona damu. Je, alijiuliza ufizi una nini? Thubutu! Aliushika mswaki akauhukumu.

"Umemwaga damu ya mtawala," akasema. "Huu ni uhaini."

Mti wa mswaki ulioota uani ukakatwa siku hiyohiyo, na kupiga mswaki kukapigwa marufuku. Mawaziri wakashangilia. Wengine, kwa kujipendekeza, wakaacha hata kusukutua.

Mkewe, Mwanamvua, aliyajua matokeo kwa pua. Miaka mitatu alilala akimpa mumewe mgongo, akisingizia joto. Msimdhanie vibaya, alimpenda sana, ndiyo maana ilimuuma. Barazani mawaziri walifukiza udi mpaka wageni wakakohoa, wakasema hiyo ni harufu ya ukuu.

Mwaka wa nne Mwinyi akaanza kuhema akipanda ngazi. Akakonda. Akawa anakunywa maji mtungi mzima na kiu haiishi. Akaitwa Tabibu Pandu. Tabibu akampima mapigo, akamtazama kilemba, akatoa dawa ya moyo. Mwinyi hakupona. Akampima mapigo, akamtazama kilemba, akatoa dawa ya figo. Hakupona. Akampima mapigo, akamtazama kilemba, akatoa dawa ya husuda.

"Mume wangu anakufa, na tabibu anatibu kilemba," Mwanamvua akajisemea, machozi yakamtoka.

Siku moja ya karamu, mpishi Chausiku alileta mkate laini. Mwinyi akauma, akapiga ukelele. Kwenye mkate kulikuwa na damu, na kitu kigumu cheupe.

"Mpishi ameniwekea jiwe! Achapwe!"

Fimbo ikainuliwa. Chausiku akausogeza mkate mbele. "Mwinyi, hili si jiwe. Ni jino lako."

"Ni jiwe!" wakapaaza sauti mawaziri, macho kwenye kilemba. "Tena jiwe kubwa!"

Mwinyi akamgeukia mkewe. "Mwanamvua, hiki ni nini?"

Akisema jiwe, Chausiku anachapwa. Akisema jino, huenda akapewa talaka mbele ya watu wote. Mwanamvua akateremsha macho kutoka kilembani, polepole, mpaka kinywani.

"Ni jino, mume wangu. Na kinywa chako kinanuka. Kinanuka tangu ulipouhukumu mswaki. Tabibu, hebu tazama kinywa, si kilemba!"

Tabibu Pandu akatazama. Ufizi ulikuwa umevimba, unatoa usaha. "Uchafu huu unaingia kwenye damu," akasema, "na damu inafika kila mahali, hata kwenye moyo." Akausafisha ufizi, akang'oa meno matano yaliyooza. Mswaki ukarudi asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache Mwinyi alipanda ngazi bila kuhema.

Kwa furaha akatoa amri. Pembeni yake kitawekwa kigoda. Atakayekikalia ataruhusiwa kumwambia mtawala dosari yake yoyote bila adhabu. Kigoda kimoja, mtu mmoja. "Mwingine akinitajia dosari, atafukuzwa mjini," akasema. "Ukweli ukizidi, mji hautawaliki."

Chausiku akasema, "Kigoda ni changu. Mimi nilisema wa kwanza, fimbo ikiwa juu ya mgongo wangu."

Tabibu Pandu akasema, "Kigoda ni changu. Maneno hayang'oi jino. Mkono wangu ndio ulioponya."

"Mkono huo ulikuwa wapi ukitoa dawa ya husuda?" akauliza Chausiku.

"Na wewe? Mabaki ya mkate yenye damu yalirudi jikoni kila siku. Si ulikuwa unawatupia kuku?"

Mwanamvua akasema, "Kigoda ni changu. Ninyi mngepoteza kazi tu. Mimi ningempoteza mume."

"Bibi yangu," Chausiku akajibu taratibu, "miaka mitatu ulimpa mgongo."

Mwanamvua akainama. Aliona haya, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Nitaamua baada ya mavuno," akasema Mwinyi. "Mpaka hapo, midomo ifungwe."

Mchana huo Mwanamvua alimvua mumewe viatu. Harufu ikampiga. Ile harufu aliifahamu, ila safari hii haikutoka kinywani. Kidole gumba cha mguu kilikuwa na kidonda, na kingo zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Mwinyi akamwona anavyotazama. "Ni kiatu kinabana," akasema, akicheka kwa meno yake yaliyobaki, safi kabisa. "Kesho nitakihukumu."

Mwanamvua akafungua mdomo. Akaikumbuka amri, akaufunga.

Haya, wenzangu. Mavuno bado miezi miwili, kigoda kiko wazi, na kidole hakijui kungoja. Mpishi, tabibu au mke: nani anastahili kukikalia? Semeni upesi.