Begi Lenye Koti Lake la Mvua

Sogeeni mbele kidogo, akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba wachache mliotusindikiza. Kuna mama mmoja kijana nataka mumjue leo. Mtamcheka, najua mtamcheka, ila mcheke polepole, kwa sababu kuna mahali kicheko kitatukwama kooni sote.

Kulikuwa na mama huyo, katika mji mmoja ulio chini ya mlima, na mtoto wake wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Mtoto alikuwa ametoka wodini juzijuzi. Nimonia. Mnaijua, ile ya mbavu kuingia ndani kila mtoto akivuta pumzi, na wewe umekaa pembeni ya kitanda unamkodolea macho, kana kwamba ukipepesa tu naye ataacha kupumua. Akapona, Mungu akasikia. Lakini siku ya kuruhusiwa muuguzi akamwambia, "Mama, kifua cha huyu bado. Asipigwe na mvua, unanielewa? Mvua isimguse kabisa." Akaelewa. Akaelewa mpaka usingizi ukamkimbia. Hofu ikaingia nyumbani mwake ikakaa kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Sasa, umoja wa wanawake wa kanisa lao ulikuwa na aibu yake. Kila walipofiwa na bibi mmoja, picha haipo. Basi inatafutwa picha ya harusi ya mtu, inakatwa, inakuzwa, inawekwa juu ya jeneza, na waombolezaji wakipita wanaona uso wa marehemu na pembeni bega la mtu mwingine. Jamani, unazikwa na bega la jirani! Wakasema hapana. Wakachanga, wakanunua kamera, kamera yenyewe hasa, ili wapite nyumba kwa nyumba wawapige picha bibi zao wangali hai, wamevaa vizuri, wanatazama mbele.

Nani apige? Wakamtazama yule mama kijana. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe umefika kidato cha nne, utakisoma kile kitabu chake cha maelezo. Ila mwanangu, ikiharibika hiyo, hatuna nyingine, na bibi zetu hawatusubiri."

Mnaona mzigo huo? Nyuma ana mtoto asiyetakiwa kuguswa na mvua, mbele ana kamera isiyotakiwa kuguswa na mvua, na yeye mwenyewe ni mtu wa kuogopa hata kivuli cha pazia. Akasema, la kwanza ni begi. Bila begi sitoki nje.

Akamchukua wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye maneno, wakaenda dukani kwa baba mmoja muuza mabegi. Yule baba akashusha begi kubwa la mgongoni, lina vyumba kama nyumba ya kupanga.

"Hili ndilo lenyewe, mama. Kamera, lenzi, chaja, na chakula cha mchana."

"Mgongoni nina mtu, baba," mama akajibu, na mtoto akachungulia kwenye mbeleko kama aliyeitwa.

Wifi akalibonyeza lile begi. "Wifi, tumhamishie mtoto humu. Sponji lake linalishinda godoro lenu."

Likaletwa la kiunoni. Kamera ikaingia kwa kusukumwa, kama mguu kwenye kiatu cha shule cha mwaka jana. Likaletwa jingine, la ngozi, linang'aa, limechorwa kamera ubavuni. "Hilo linamwita mwizi kwa jina," akasema wifi. "Tena linampa na anwani." Yule baba akacheka mpaka akavua miwani.

Mwisho kabisa, kutoka kwenye rafu ya chini, akatoa kibegi cha kijivu. Kidogo. Mkanda wake unapita kifuani, chenyewe kinatulia ubavuni chini ya mkono, zipu inafungukia upande wako wewe uliyekivaa, siyo upande wa wapita njia. Ukikiona mtaani utadhani ni cha nepi za mtoto. Mama akakivaa, akainama, akainuka, akazunguka, mtoto aliyekuwa ameshasinzia hakuamka. Halafu muuzaji akamwonyesha kitu. Chini ya begi kulikuwa na kimfuko, na ndani ya kimfuko koti jembamba la mvua, limekunjwa.

"Ukisikia tone la kwanza, mkono chini, vuta, funika. Usifikiri, mama. Ukianza kufikiri imeshalowa."

Mama akaona kama malaika ndiye aliyesema. Akakinunua palepale.

Sasa sikilizeni alivyofanya huko nyumbani. Kwanza kamera akaivika nailoni, ndipo akaitia begini. Msicheke! Nani hapa rimoti ya televisheni yake haina nailoni? Nyosha mkono. Mnaona. Kisha akaanza mazoezi. Maji ya ugali yanachemka, yeye mkono chini, vuta, funika. Mtoto analala, mkono chini, vuta, funika. Wifi akamkuta sebuleni anafanya hivyo amefumba macho.

"Wifi, hata Baba Yetu hujawahi kuishika namna hiyo!"

"Niache, wifi. Siku ikinyesha utanishukuru."

Na begi likawa jema kweli. Akapita nalo mitaa yote, kwa miguu, mtoto nyuma, kibegi ubavuni, na hakuna kibaka aliyegeuza shingo. Bibi wa kanisa wakatolewa viti nje, wakapakwa mafuta, wakavalishwa vitambaa vya kichwani, na yule ambaye hakutaka kucheka mbele ya kamera, wifi alimchekesha kwa kumuuliza kama babu alimtongoza kwa maneno au kwa mihogo. Picha zikatoka safi. Nyuso nzima, mabega yao wenyewe.

Ikafika siku ya umoja kupanda mlimani kwa maombi, kama walivyozoea kila mwaka. Mama akasita kwa ajili ya mtoto. Akatazama juu: anga jeupe, jua, hata wingu la kusingiziwa hakuna. Na kuna bibi watatu walikuwa wanapanda kwa mara ya mwisho, wenyewe walishasema, magoti yamekataa, na walitaka wapigwe picha kule juu kwenye jiwe la maombi. Akaenda. Wifi naye akaenda, kichwani ana misuko mipya ya harusi ya Jumamosi, anatembea kama amebeba mayai.

Wakapanda, wakaomba, picha zikapigwa. Wakaanza kushuka.

Mvua ya mlimani haibishi hodi, wapendwa. Ilitokea nyuma ya kilima kama mtu aliyekuwa amejificha, ikawaangukia mahali pasipo mti wala nyumba. Na yule mama, kabla hajajua anafanya nini, mkono chini. Vuta. Funika. Begi likavaa koti lake. Akalikumbatia kwa mikono yote miwili, akainama juu yake, akakunja mwili mzima kulikinga, macho amefumba, anaomba, "Mungu wangu, isilowe, isilowe, isilowe."

Nawauliza. Mtu akiinama kulikinga lililo tumboni, aliyebaki juu kuwa paa ni nani?

Naona mmemwona.

Akakimbia vile vile ameinama mpaka chini ya mwamba uliotokeza kama baraza. Akafungua zipu, akachungulia, akapiga kelele ya furaha, "Wifi! Haijalowa! Njoo uone, hata tone!"

Mama akataka kugeuka amtazame, akashindwa, kwa sababu wifi alikuwa amemng'ang'ania mgongoni. Alikimbia naye hivyo hivyo tangu kule juu, kifua chake kimelala juu ya mtoto, kanga yake ameitandaza juu ya kichwa cha mtoto, na misuko ya harusi inachuruzika maji kama paa la makuti.

Ndipo mama akajua. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa mbeleko, akaikuta kavu. Akakaa chini kwenye jiwe.

"Nimefunika begi," akasema. "Wifi, nimefunika begi. Nilimsahau. Mimi ni mama wa namna gani?"

Hapo wifi angeweza kusema. Angekuwa na la kusema mpaka harusi, mpaka na mjukuu wa harusi. Lakini alimfungua mtoto taratibu, akamweka kifuani kwa mama yake, akachuchumaa mbele yake.

"Hukumsahau. Joto lake ulikuwa nalo mgongoni, ukajua yupo. Begi halina joto, ndiyo maana ulikuwa unalishikashika. Mnyonyeshe. Na hilo begi lilete, nitalibeba mimi."

Mtoto akanyonya. Usiku ule mama aliweka sikio kwenye kifua chake, na asubuhi tena, na kifua kilikuwa kimya, kinapumua kama cha mtu mwenye amani zake. Hakuugua.

Sasa sisi. Tulidhani mfano huu ni wa mama aliyependa kamera kuliko mtoto. Hapana! Moyo wake ulikuwa kwa mtoto kila saa. Ila mkono haufuati moyo, mkono unafuata mazoezi. Alijizoeza kufunika begi, mkono ukafunika begi. Kumfunika mtoto hakuwahi kujizoeza, kwa sababu nani anajizoeza kumpenda mwanawe? Tunadhani hilo litajitokeza lenyewe.

Ndivyo tulivyo. Yule tunayeogopa atatusema, tunamwamkia kwa magoti mawili; yule anayetupenda tunamwamkia kwa mgongo. Jirani tunamjibu kwa asali, na mume, na mama mzazi, na mtoto anayetuuliza swali lile lile mara ya kumi, kila mmoja anapata makapi ya sauti yetu, kwa nini? Kwa sababu joto lake tunalo. Yupo. Hataenda popote. Jamani, nani kakwambia mwenye kukupa joto yeye halowi?

Na tumshukuru Mungu kwa mawifi. Kuna mahali mikono yako ilienda kwenye begi, na mtu mwingine akalowa ili wako asilowe, na hakukusema. Unamjua. Wengine wamekaa humu humu.

Kwa hiyo msiniitikie amina sasa. Tukitoka hapa, kabla ya chungu, kabla ya simu, kabla ya kuuliza nani kaacha taa inawaka, mguse mmoja wa nyumbani, mwambie neno jema hata kama ulimi utajikwaa, mara ya kwanza utajikwaa tu. Kesho tena. Keshokutwa tena. Tuizoeze mikono yetu wakati jua linawaka, ili tone la kwanza likidondoka tusiwe na haja ya kufikiri.