Siku Jerko Alipoamshwa

Slatinje ni mji wa watu wasio na haraka. Kikombe kimoja cha kahawa pale bandarini kinaweza kumaliza asubuhi nzima. Fundi akiahidi kuja Jumatatu, hasemi Jumatatu ya wiki gani, na anayemngoja haulizi. Ukimsalimu mtu atakujibu, “Taratibu tu,” na jibu hilo linatosha kwa afya, kwa kazi, kwa ndoa na hata kwa siasa. Chakula cha mchana kikishaliwa, madirisha ya mbao hufungwa, mitaa hubaki ya paka, na mji mzima hulala hadi jua lipungue makali. Saa hizo simu hazipigwi, milango haigongwi, na watoto hunyamazishwa kwa jicho. Mtu huamshwa kwa mambo mawili tu: moto au msiba.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja aitwaye Vinka, ambaye yeye na usingizi wa mchana walikuwa paka na panya. Mumewe alimwachia nyumba ya mawe ya ghorofa mbili na vyumba vitatu vya kupangisha wageni wa kiangazi. Vyumba vyenyewe havikuwa na la ajabu. Magodoro yalikuwa ya zamani na bomba la bafuni lilikoroma kama mlevi. Lakini mgeni alipofungua dirisha aliiona bahari yote imetandazwa mbele yake mpaka kule visiwani, akasema “Oh!”, na magodoro yakasahaulika. Vinka alilijua hilo vizuri. Kila alichokula mwaka mzima kilitoka kwenye madirisha yale.

Mbele ya nyumba yake, upande wa baharini, palikuwa na kichochoro ambamo punda mwenye mzigo angekwama, na baada ya kichochoro kulikuwa na nyumba ya jirani yake, Jerko. Nyumba hiyo ilikuwa fupi, haizidi dari ya jikoni kwa Vinka. Jerko alikuwa fundi wa injini za meli, kapera mpaka mvi zikamjaa, na alipostaafu aliapa kwamba hatashika spana tena. Uani kwake kulikuwa na jokofu bovu, nyavu zilizooza na mzabibu mkubwa. Kila mchana Jerko alijinyoosha chini ya mzabibu huo kwenye kitanda cha kukunja, amevaa fulana na kaptula iliyochoka, mdomo wazi, mbele ya macho ya wageni wote wa Vinka.

Mwezi wa Julai walikuja wageni wa kila mwaka, Bwana Ottmar na mkewe Roswitha kutoka Austria. Roswitha alichungulia dirishani, akacheka.

“Mzee wenu bado hajaamka? Mwaka jana tulimwacha papo hapo!”

Mama wa watu hakuwa na nia mbaya. Alimpenda yule mzee kama mtu anavyoupenda mti wa mahali alipozoea. Lakini Vinka aliona uso umemwaka moto. Alijiona mbele ya wageni kuwa mtu wa mji wa wavivu, jirani wa kaptula ile. Hakungoja. Alichukua sufuria na mwiko wa chuma, akashuka ngazi, akavuka kichochoro, akasimama juu ya kichwa cha Jerko na kupiga kwa nguvu zake zote.

“Jerko! Amka! Amka, mwanamume wewe!”

Jerko aliruka, kitanda kikajikunja, akaanguka chini puu.

“Nani amekufa?” akauliza, macho yamemtoka pima.

“Hajafa mtu ila wewe!”

Madirisha ya mtaa mzima yalifunguka. Bibi Perina wa nyumba ya pembeni alijipiga ishara ya msalaba. Mwanamume mmoja alitokea amejifunga shuka, akiuliza moto uko wapi. Walipoona ni Vinka na sufuria yake, walipigwa na butwaa. Katika umri wao wote hawakuwahi kushuhudia jambo kama lile.

“Saa tisa hii!” Bibi Perina alisema kwa sauti ya mtu aliyeona maiti akitembea. “Vinka, mwanangu, una homa?”

“Sina homa, bibi. Nimechoka!” Kisha akamgeukia Jerko, ambaye bado alikuwa chini. “Hujionei haya? Wenzako wa rika lako wana vyumba, wana wageni, wanachapa kazi. Wewe una zabibu na kaptula iliyotoboka. Umeilalia dhahabu, jirani!”

“Dhahabu ipi?” Jerko aliuliza, akijifuta mate.

“Nyumba hii, mbona huoni? Iko miguuni pa bahari, nawe umeifanya stoo ya jokofu bovu!”

“Taratibu, jirani. Mimi sina shida.”

“Ndiyo shida yako hiyo! Huna shida!”

Jioni, shoga yake Dobrila, muuza mikate, alimvuta kando dukani. Habari zilikwishamfikia, kwani katika mji wa wasio na haraka kitu pekee kinachokimbia ni umbea.

“Vinka, yule mtu alikukosea nini?”

“Ananiaibisha.”

“Aibu gani? Kuna mgeni hata mmoja aliyekukimbia kwa sababu yake? Mwache alale, shoga yangu. Mtu aliyelala hana neno na mtu.”

“Namsaidia,” alisema Vinka, akachukua mkate wake na kuondoka kichwa juu.

Kesho yake kitanda cha kukunja kilikuwa kitupu. Jerko alikuwa amejaribu kulala akashindwa. Kila alipofumba macho alisikia sufuria, na nyuma ya sufuria neno dhahabu. Mwishowe alivaa shati safi, akaenda kubisha hodi jikoni kwa Vinka, na mlangoni alisimama kama mwanafunzi mgeni.

“Jirani, ile habari ya wageni. Hebu nieleze.”

Vinka alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Miaka yote mji ulimwona mtu wa pupa, na sasa mvivu mkuu alikuwa amekuja kwa miguu yake kutafuta darasa. Alimmiminia kahawa, akamfundisha bila kumficha lolote. Taulo ziwe nyeupe. Kahawa iwe tayari kabla mgeni hajaiomba. Picha zipigwe asubuhi, jua likiwa la upole.

“Na anachotaka kabla ya vyote ni nini?” Jerko aliuliza.

“Bahari! Mgeni atakusamehe kila kitu ukimwonyesha bahari.”

“Lakini kwangu haionekani. Ukuta wa bandari unaikinga.”

“Basi utapata wageni wa bei ya chini, wale wasiochagua. Hata hao ni riziki. Na kama una ukarabati wa kufanya, uufanye majira ya baridi. Msimu ukishaanza, nyundo ni marufuku mji mzima, unajua.”

Jerko alikunywa kahawa yake polepole, akiitazama dari kama mtu anayepima. Vinka alidhani anahesabu taulo. Yeye alichotaka ni jokofu liondoke, ukuta upakwe chokaa na kaptula itoweke, basi. Mwezi wa Septemba jokofu liliondolewa kweli, na Vinka akatembea mjini kama aliyeshinda uchaguzi.

Majira ya baridi binti yake alijifungua pacha huko Zagreb, mji mkuu, naye akafunga nyumba akaenda kulea. Miezi ilipita katikati ya nepi na vilio. Siku moja Dobrila alimpigia simu.

“Vinka, Jerko anafanya kazi.”

“Unaona? Nilisemaje mimi?”

“Hapana, nisikilize. Anafanya kazi sana. Amewaleta wapwa zake kutoka bara, na wana...”

“Mwache afanye, si nilimwamsha mwenyewe! Dobrila, wanalia wote wawili, kwaheri!”

Alirejea wiki moja kabla ya Pasaka. Alipanda kwa njia ya nyuma, akiburuta sanduku, akaingia ndani na kukutana na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele kufungua dirisha ili mwanga uingie.

Mwanga haukuingia. Vinka alidhani hajafungua vizuri, akasukuma tena, na mbao zikagonga kitu. Akafikiri labda amekosea dirisha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikimbilia chumba cha pili akafungua, kisha cha tatu. Kote alikutana na kitu kilekile: ukuta wa matofali ya saruji, wa kijivu, unaopanda juu kupita upeo wa macho yake. Alinyoosha mkono akaugusa. Ulikuwa na unyevu na baridi. Akaketi juu ya godoro tupu.

Juu ya ukuta nyundo ilikuwa ikigonga. Ilikuwa saa ya kulala, mji kimya, na nyundo ikigonga. Kisha ikanyamaza, kichwa kikachungulia kutoka juu. Kilikuwa cha Jerko, lakini Jerko gani huyo! Alikuwa amekonda, amenyooka mgongo, nywele zimejaa vumbi la saruji na macho yakimetameta.

“Jirani! Umerudi! Njoo uione kazi yako!”

“Jerko,” sauti ilimtoka kama si yake, “bahari yangu iko wapi?”

“Iko huku juu, njoo. Inaonekana mpaka kisiwa cha mwisho!”

“Umeniua, Jerko.”

Jerko aliacha kutabasamu. Alishuka, akavuka kichochoro, akasimama mlangoni akiipangusa mikono kwenye suruali. Hakuwa amekuja kumdhihaki, na hilo ndilo lililomchoma Vinka zaidi.

“Nimekuua vipi? Wewe ndiye uliyenifufua. Bila wewe ningekuwa bado chini ya mzabibu.”

“Mimi nilitaka uondoe jokofu!”

“Si nimeliondoa?”

“Nitakwenda manispaa. Wataubomoa!”

“Walikuja wenyewe, wakapima. Nyumba yangu ina haki ya ghorofa mbili. Kama yako.” Alitazama chini, akaongeza kwa upole, “Nilikuuliza, jirani. Jikoni kwako. Nilikuuliza mgeni anataka nini kabla ya vyote, ukaniambia.”

Vinka alikwenda manispaa hata hivyo, akajibiwa vilevile. Alimwendea Dobrila akalia mpaka mikate ya siku hiyo ikauzwa na mumewe Dobrila. Shoga wa watu hakumsuta. Alimshika mkono tu, na Vinka akatamani bora angemsuta.

Mwezi wa Julai ulipofika, Bwana Ottmar na Roswitha walipiga simu kusema wako njiani. Vinka hakuthubutu kuwaeleza. Alioka keki ya limau, akatandika mashuka mapya, akaning'iniza pazia zito mbele ya ukuta, akawa anajidanganya kwamba labda watu waliomzoea wanampenda yeye. Walifika wakiwa wamechangamka, wakamkumbatia, wakaonja keki. Kisha Roswitha, kama ilivyo ada yake, alikwenda kufungua dirisha.

Bwana Ottmar alisogea, akaugusa ukuta kwa kidole, kama anayehakiki kwamba si ndoto.

“Vinka,” Roswitha alinong'ona, mkono kifuani, “bahari imekwenda wapi?”

“Ni jirani.”

“Yupi? Yule aliyelala?”

“Ndiye.”

Walitazamana, mume na mke, na Vinka aliyaona yote katika mtazamo ule kabla hawajasema. Walikuwa watu wema. Waliona haya mpaka masikio yakawaiva. Walisema wana siku chache tu za mapumziko kwa mwaka mzima. Walisema atawaelewa. Kisha wakabeba masanduku yao, wakavuka kichochoro, wakaacha vipande vya keki mezani. Kule ng'ambo Jerko aliwapokea mlangoni na taulo nyeupe begani, kahawa ikinukia hadi kwa Vinka.

Vinka alibaki amesimama katikati ya chumba. Hapakuwa na shuka la kufua, wala mgeni wa kumpelekea ufunguo, wala chochote kilichomhitaji. Alivuta madirisha akayafunga, maana hayakuwa na kazi nyingine, akajilaza na viatu vyake juu ya kitanda cha wageni. Mji ulikuwa umelala. Kutoka upande wa pili wa ukuta alisikia hatua za Jerko zikipanda ngazi kwa haraka, dirisha likifunguliwa, kisha sauti ya Roswitha ikisema “Oh!”

Vinka aliufunika uso wake kwa mto. Machozi yalimlowesha, yakamchosha, na saa tisa alasiri, jua likiwa kali nje, usingizi ukamchukua. Basi na asikie mwenye masikio, awe wa Slatinje au wa kwingineko: usimwamshe aliyelala, utalala wewe.