Mhunzi Aliyependa Kuagiza Kahawa

Ukiwa umeajiri watu, soma hadi mwisho. Ukiwa umeajiriwa, mtumie tajiri wako hadithi hii, halafu ujifanye umekosea namba.

Mfalme mmoja aliona wahunzi wake wanazeeka na hakuna wa kuwarithi. Akatoa amri: kila mhunzi achukue mwanagenzi, amfundishe kazi, na amlipe ujira kila mwezi. Nusu ya ujira huo ingetoka hazina ya mfalme.

"Mwakani nitawajaribu," akasema. "Atakayeshinda ndiye atakayefua majembe ya nchi nzima."

Tangu siku hiyo Fundi Mabruki, mhunzi hodari kuliko wote, hakupata usingizi wa maana. Kazi ya majembe aliitaka kwa moyo wote. Marehemu baba yake aliitafuta mpaka akaingia kaburini bila kuipata. Lakini mwanagenzi?

"Nimlipe mtu ili kesho afungue karakana mbele ya mlango wangu?" alimwambia mkewe. "Huko si ni kufuga chui zizini?"

Hata hivyo, amri ni amri. Akamchukua Bi Sikudhani, mjane mtu mzima, mwenye mikono ya nguvu na maneno machache. Ujira wake hakuuchelewesha. Akamfundisha kuvukuta moto, kushika koleo, na kuponda chuma mpaka kipate umbo la jembe.

Ila ilipofika hatua ya mwisho, ya kulirudisha jembe motoni na kulizamisha majini ili lipate ugumu, Mabruki alianza kuhangaika. Alitazama mlango. Alijikuna. Kisha akasema, "Bi Sikudhani, koo limenikauka. Hebu kaninunulie kahawa kwa muuzaji pale nje."

Bi Sikudhani akirudi, jembe limekwisha kuwa tayari. Ikawa hivyo mwaka mzima, na fundi akajiona mjanja kweli kweli.

Siku ya jaribio wahunzi walikusanyika uani kwa mfalme, kila mmoja na mwanagenzi wake. Mabruki alikuwa tayari ameshika nyundo.

"Mafundi, kaeni mkekani," mfalme akasema. "Leo watafua wanagenzi."

Mabruki akaweka nyundo chini. Akakaa, akainuka, akaketishwa tena. Bi Sikudhani alifua vizuri ajabu, hata watu wakaanza kunong'ona kwamba kazi imeshapata mwenyewe. Mabruki naye, maskini, akaanza kupata tumaini.

Jembe likarudishwa motoni, likaanza kuwaka. Hapo Bi Sikudhani akaweka koleo chini, akajifuta mikono kwa kanga, akatoka zake nje.

Watu wakangoja. Jembe likapitiliza moto, likaungua. Mabruki akainuka kwenda kulitoa, akaketishwa tena.

Bi Sikudhani aliporudi, alikuwa na kikombe cha kahawa. Akampa fundi wake kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Mama, ulikwenda wapi?" mfalme akauliza.

"Kununua kahawa, bwana wangu. Jembe likifika hapo, mtu huenda kununua kahawa. Akirudi, hulikuta tayari."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mfalme hakucheka.

"Inywe ingali moto, Mabruki," akasema. "Ndiyo kazi uliyomfundisha."

Majembe ya nchi akapewa mhunzi wa kijiji cha pili. Jembe la mwanagenzi wake lilikuwa limepinda kidogo, lakini lililima.

Asubuhi iliyofuata Mabruki alitia jembe jingine motoni. Likaanza kuwaka, na koo likamkauka kwa mazoea.

"Bi Sikudhani, hebu..." akaanza. Aibu ilimjaa. Akasogea pembeni kumpisha.

"Njoo hapa karibu," akasema. "Likipata rangi ya papai lililoiva, usingoje, lizamishe majini."

Funzo: Ukimlipa mwanagenzi ujira na kumnyima ujuzi, unamfundisha kukuacha peke yako siku utakapomhitaji.