Takia la Kumi na Tatu

Hapo zamani, zamani zile ambazo wakubwa walikuwa na ikulu na wadogo walikuwa na digrii, palikuwa na mji uitwao Msufini, na Sultani wake akiitwa Badawi. Na katika mji huo alikuwapo mtu mmoja, jina lake Shaweji, fukara hana mbele wala nyuma. Alikaa chuoni miaka kumi na miwili akasoma hesabu, mantiki, tarehe na khati, akatoka na hati saba zenye muhuri. Hati hizo alizitia ndani ya mwanzi, na mwanzi akauning'iniza darini mchwa wasiufikie. Na kila alipokwenda kuomba kazi ikulu aliulizwa, "Una uzoefu?" Naye hujibu, "Nitaupata wapi uzoefu, nami hamjanipa kazi?" Basi wakamwambia, "Ahsante sana, tutakuita," na kazi akapewa mpwa wa Waziri, ambaye uzoefu wake wote ulikuwa ni huo upwa.

Ikawa Shaweji anakula kwa dada yake mkubwa, Mwanamize, aliyekuwa mshonaji wa matakia ya ikulu. Dada hushona, na msomi wetu hujaza sufi. Sufi zikamkaa kwenye ndevu, kwenye masikio, hata akipiga chafya chumba chote huwa cheupe.

Sasa yapasa ijulikane habari ya matakia hayo. Baina ya Msufini na mji wa jirani, Mvuleni, palikuwa na kisima kimoja, nacho kiko mpakani hasa. Kila mwaka baada ya mavuno, Sultani Badawi na Mfalme Chanzi wa Mvuleni hukutana kisimani, wakaketi uso kwa uso, wakaapa kuteka maji kwa zamu, leo hawa na kesho wale. Mkutano huo uliitwa kao. Zama za baba zao, kao lilikuwa ni jamvi moja, watu wawili, na sinia ya tende. Mwaka mmoja Sultani Badawi aliumwa mgongo, Mwanamize akamshonea takia dogo la kuegemea. Sultani alipofika kisimani akaona kulikalia kuna raha kuliko kuliegemea, akalikalia. Mfalme Chanzi akainua macho kidogo. Mwaka wa pili akaja na matakia mawili. Mwaka wa tatu Sultani akaja na matatu, na ikawa hivyo mwaka hata mwaka, huyu akiongeza na yule akiongeza, hata wakawa wanapanda kwa ngazi na kusalimiana kwa kupiga kelele. Na kwa kuwa mtu aliye juu huogopa kuanguka, kila takia lilikuja na askari mia wa kulilinda.

Mambo haya yote yalikuwa wazi mchana kweupe. Lakini Sultani alitaka kujua kama patakuwa na vita, na kwa kazi hiyo aliwaweka wanajimu kumi na wawili, mkubwa wao Sheikh Daruweshi, mwenye kilemba cha dhiraa tisa. Kila mwezi Daruweshi huleta ripoti ndefu, na mwisho wa ripoti huandika: "Huenda pakawa na vita, na huenda visiwe, na Mungu ndiye ajuaye." Kwa maneno hayo akapewa posho, farasi, na semina tatu kwa mwaka.

Basi mwaka ule, siku arobaini kabla ya kao, Shaweji alitumwa na dada yake kupeleka ikulu matakia mawili mapya. Akaingia barazani amejitwika, na Sheikh Daruweshi alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye "huenda" yake ya pili. Shaweji akatua mzigo, akapiga chafya, akasema bila kufikiri, "Sheikh, wewe wahangaika na nyota, na vita vyenyewe mimi nimevibeba kichwani."

Sultani Badawi akasema, "Nani huyu aliyejaa pamba?"

"Ni sufi, Maulana," akajibu Shaweji. "Pamba ni ya watu wenye kazi."

"Umesema umebeba vita. Eleza, au utabebwa wewe."

Shaweji akaona ulimi umekwisha mponza, akaamua afadhali amalize. Akasema, "Maulana, dunia ina fujo, sikatai. Nzi aweza kumuuma farasi, farasi akamtupa balozi, balozi akavunjika jino, na miji miwili ikaungua. Nzi huyo mimi simjui, na Sheikh hamjui, na wallahi hata nzi mwenyewe hajijui. Lakini takia si nzi. Mwaka juzi matakia kumi na moja na askari elfu na mia moja. Mwaka huu ni kumi na matatu. Hili halitaki nyota, lataka vidole, na vikikwisha vya mikono kuna vya miguu."

Sheikh Daruweshi akageuka rangi, akainama sikioni mwa Sultani, lakini sauti akaiacha kubwa ili watu wasikie. "Maulana, kama huyu ni hodari hivyo, na ataje siku yenyewe. Siku, saa na sababu."

Sultani akapendezwa. Akasema, "Naam. Utaandika siku ya vita, na saa yake, na sababu yake. Neno 'huenda' silitaki tena masikioni mwangu. Utautia muhuri utabiri wako, na utauhifadhi mahali ambapo hapana mtu awezaye kuufikia ila kwa kuniondoa mimi kwanza. Siku ya kao nitaufungua kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya Chanzi, apate kujua kuwa mimi ninaye mtu aionaye kesho. Ukiwa kweli, utakuwa Mnajimu Mkuu. Ukikosea, hata kwa saa moja, kichwa chako kitabaki pale pale kisimani."

"Labeka, Maulana," akasema Shaweji, maana hapakuwa na jibu jingine.

Akarudi nyumbani. Mwanamize alipokwisha kusikia, akaweka sindano chini. "Sasa wewe, mdogo wangu, unaomba nini kwa Mungu? Vita vije, watu wafe, wewe upate kazi? Au visije, tukuzike?"

"Dada, maisha yangu yote sijaitwa intavyuu hata moja. Hii ndiyo ya kwanza, na maswali yake ndiyo hayo."

"Kimbia basi!"

"Nikikimbia watakuja kwako. Anwani ya takia wanaijua."

Mwanamize akalia, na huku analia akavuta takia moja kuukuu lililoletwa kutiwa sufi mpya. Lilikuwa limelaliwa na mengine miaka kumi na zaidi, limekuwa bapa kama chapati. Shaweji akalitazama, akauliza, "Hili ndilo la mgongo? Lile la kwanza?"

"Ndilo. Hukaa chini kabisa, mengine yote juu yake, na yeye juu ya yote."

Shaweji akatulia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali. Akasema, "Lifumue, dada. Kisha lete kalamu."

Siku ya kao ikafika. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Upande huu Sultani Badawi juu ya matakia kumi na matatu, ameshika nguzo mbili asipepesuke, na chini yake askari elfu moja na mia tatu. Upande ule Mfalme Chanzi juu ya kumi na mawili, amevaa kilemba kirefu ili kufidia lile moja, na chini yake askari elfu na mia mbili. Na katikati ni kisima kile kile cha zama za baba zao, na ndoo yake ni ile ile moja. Ilipokaribia saa sita, askari walikwisha anza kusukumana.

"We bwana, ni zamu yetu!"

"Zamu yenu ilikuwa jana, kunyweni ya jana!"

Upande wa Mvuleni ilisimamishwa ngoma kuu ya vita, na desturi yake kila mtu aliijua: ikipigwa mapigo matatu, watu wanashambulia.

Sultani akapaza sauti kutoka juu, "Shaweji! Uko wapi utabiri wangu?"

Shaweji akajitokeza, shingo ikimwasha pale upanga utakapopita. "Maulana, umeukalia."

Askari wa pande zote mbili wakacheka, na Sultani akawaka. "Wanitukana mbele ya Chanzi?"

"Hasha, Maulana! Uliamuru niuhifadhi mahali ambapo hapana mtu awezaye kuufikia ila kwa kukuondoa wewe kwanza. Nimetafuta mji mzima, sikuona mahali pengine. Umo ndani ya takia la chini kabisa, umeshonewa. Na uliamuru uufungue kwa mkono wako mwenyewe, basi mtu wa kukuchukulia hayupo."

Sheikh Daruweshi akasema, "Akatwe kichwa sasa hivi!" Lakini Sultani alikwisha ahidi mbele ya jirani yake, na kurudi nyuma ilikuwa aibu kubwa kuliko kushuka. Akaita ngazi.

Mfalme Chanzi alipoona mwenzake anashuka, akapiga kelele, "Badawi! Hila gani hiyo?"

"Nakwenda kusoma utabiri wa vita!"

"Vita vya nani?"

"Vyetu, mimi na wewe!"

"Ala! Visomwe vita vyangu nami niko mbali sisikii? Nileteeni ngazi!"

Basi ikawa wafalme wawili wanashuka kinyumenyume, kila mmoja akimchungulia mwenzake kwapani asije akaachwa juu peke yake. Sultani alipofika chini, watumishi wakaanza kuondoa matakia, la kumi na tatu, la kumi na mbili, la kumi na moja. Walipofika la saba, mtumishi mmoja akateleza, takia likamponyoka, likabingirika mteremko mzima likapita miguuni mwa watu, likaruka, likaipiga ile ngoma kuu: du!

Askari elfu mbili na mia tano wakashika mipini ya panga. Mpiga ngoma akautazama mkono wake kuona kama ndio uliopiga. Watu wote wakawa wanasubiri pigo la pili, na Shaweji, aliyekwisha sema kwamba nzi hamjui, akaona nzi wake ndiye huyu, naye ni wa sufi na yeye mwenyewe ndiye aliyemjaza. Hakufikiri. Akatoka mbio, akapita katikati ya panga zilizofutwa nusu, akairukia ngoma akaikalia.

"Ni takia!" akapiga kelele. "Ni takia tu, jamani! Ngoma hii sasa ina mtu!"

Mfalme Chanzi, aliyekuwa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, akaanza kucheka hata kilemba kikamwanguka, na panga zikarudi alani moja moja.

Basi likafikiwa takia la kwanza. Sultani akachuchumaa, akaona magoti yanauma, akaketi. Mfalme Chanzi naye hakutaka kusimama kama mtumishi, akaketi kando yake juu ya mchanga. Sultani akalifumua takia kwa jambia lake, akautoa waraka, akampa Sheikh Daruweshi takia alishike, akavunja muhuri na kusoma kwa sauti:

"Utabiri wa Shaweji, mjaza sufi. Ikiwa unayasoma haya, Maulana, umekaa chini, na maadamu umekaa chini, leo hapana vita. Vita vitakuwa siku takia hili litakaporudishwa chini yako na mengine kumi na mawili juu yake. Saa yake ni saa sita mchana, maana askari ni wengi na ndoo ni moja. Sababu yake, wenye vitabu wataandika kuwa ni heshima. Ni kiu."

Sultani akausoma mara ya pili, kimya kimya. Akageuka, akaona kwamba bega lake na bega la Chanzi yako sawasawa, jambo ambalo hakuliona tangu ujana wao.

Sheikh Daruweshi akadakia, "Maulana, hakutaja siku! Amekosea!"

"Siku unayo wewe, Sheikh," akasema Shaweji toka juu ya ngoma. "Hiyo umeikumbatia. Ukiona nimesema uongo, mkalishe Maulana juu yake, upange na mengine, kisha utazame jua. Saa sita bado kidogo."

Daruweshi akalitazama takia alilolishika. Akawatazama askari, na askari wakamtazama yeye, na mpiga ngoma akamtazama zaidi. Hakuthubutu kulitua wala kulitupa, akabaki amelibeba hivyo hata alasiri, jasho likimtoka, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Hapo Sultani Badawi akacheka mpaka akajilaza mchangani, na mgongo usimuume. Wakaletewa tende, wakaapa zamu za maji, na askari wakanywa kwa foleni.

Shaweji akawa Mnajimu Mkuu. Wale kumi na wawili wakafukuzwa, na mpwa wa Waziri akapelekwa kuchunga ile ndoo. Ofisi ya Mnajimu Mkuu ikawa ni pale pale kibarazani kwa dada yake. Kila asubuhi mjumbe wa ikulu huja akauliza, "Habari za dunia?" Shaweji hugeuka ndani, "Dada, wameagiza?" Mwanamize hujibu, "Hawajaagiza! Umeleta amani, sasa tutakula sufi!" Na mjumbe huandika: leo hapana vita.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja mjumbe yule akafika, hakuuliza habari za dunia. Akakohoa, akatazama kando, akasema, "Bi Mwanamize, Maulana aomba takia. Moja tu. Dogo."

Shaweji hakuvaa hata viatu. Alifika ikulu anahema, akamkuta Sultani ameketi jamvini, mkono mmoja kiunoni.

"Usinitazame hivyo, Shaweji," akasema Sultani. "Ni la mgongo tu."

"Maulana," akasema Shaweji, "hata lile la kwanza lilikuwa la mgongo."

Sultani akajisogeza taratibu, akaegemea ukuta. Na kwa muda wote aliotawala Msufini, akaegemea ukuta huo huo, hata ukafanya alama ya mabega yake. Hadithi imeishia ukutani, aliye juu ya takia na ashuke akaitazame.