Bi Pimbi na Kijito Kilichowaharisha Watoto

Niwape, nisiwape?
Tupe, masikio yako wazi.

Hapo kale, kale sana, wanyama walikaa kando ya kijito kimoja. Hapo walikunywa, hapo walioga, na hapo hapo ukingoni walijisaidia. Ni Bi Pimbi peke yake aliyepanda majabali kwenda haja mbali, mahali pamoja siku zote. Wenzake walimcheka. "Kamwili kadogo, makuu mengi."

Mvua ziliponyesha, watoto wakaanza kuhara. Akahara ndama wa Nyati, wakahara vifaranga wa Kanga, akahara hata Mwanakheri, kitindamimba wa Bi Pimbi, mpaka macho yakadidimia. Bi Pimbi alimpakata, akamnywesha uji mwepesi wenye chumvi, na moyo wake haukutulia.

Mzee Nyati, mkuu wao, akaita baraza.

Fisi akasema, "Kijito kimerogwa. Nileteeni mnofu nikitoe uchawi." Wakamletea. Akala, akayatemea maji mara tatu, akaenda zake. Watoto wakazidi kuhara.

Ngiri akasema, "Tuhame." Wakahamia kijito cha pili. Siku saba hazikwisha, maradhi yakawakuta huko huko.

Ndipo Bi Pimbi akasimama. "Mzee, maradhi haya hayakutufuata, tumekuja nayo. Mvua inasomba tunachokiacha ukingoni, inakitia majini, nasi tunakinywa."

"Nionyeshe," akasema Nyati.

Wakapanda ukingo. Hawajafika mbali, Nyati akateleza, akakaa kitako juu ya kitu chororo. Akanusa. Akaligeukia baraza zima.

"Hiki cha nani?"

"Kwa ukubwa wake, Mzee," akasema Bi Pimbi kwa adabu, "ni chako."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika, kisha akaamuru kazi ianze. Muhanga akachimba shimo mbali na kijito. Nyani akajenga kibanda juu yake, akakiezeka. Kanga akatundika kibuyu cha maji mlangoni, akaweka na majivu ya kunawia. Mwezi haujaandama, Mwanakheri akawa anakimbizana na vifaranga.

Fisi alikataa. "Choo changu ni pori zima. Na kunawa ni kazi ya waoga."

Siku ya harusi ya Swala, Fisi akala pilau kwa mikono ile ile aliyotoka nayo porini. Ngoma haijakolea, tumbo likamkata. Akatimua mbio mpaka chooni, akamkuta Bi Pimbi amesimama mlangoni.

"Dada, nipishe."

"Pita, kaka. Ukitoka unawe, watu wanakungoja ngomani."

Fisi akakaa humo kitambo. Alipotoka, alinawa mpaka viwikoni, wala hakuna aliyemwambia mara ya pili.

Basi jueni, wanangu: uchafu unaouacha ukingoni hujautupa, umeutuma njia ndefu urudi kinywani mwako.

Ngano yangu imeishia hapo. Palipo patamu pachukueni, palipo pachungu niachieni msimulizi.