Chumvi Isiyokolea

Waliotuachia methali ya kikulacho hawakutuambia mdudu mwenyewe ana sura gani. Basi mtu akiumwa, badala ya kukung'uta nguo zake, humkodolea macho aliye karibu naye. Na nyumbani, aliye karibu mara nyingi ni mkaza mwana. Ndivyo alivyofanya Desanka, mjane wa kijiji kimoja jirani na mji wa Leskovac, na nusura avunje nyumba ya mwanawe.

Desanka alikuwa na jina kwa upishi wa ajvar, ile rojo ya pilipili hoho nyekundu zinazochomwa, zikamenywa, zikasagwa na kukorogwa motoni kutwa nzima. Kila Septemba kijiji kizima hunukia hoho. Wengine huandika majina kwenye chupa zao, lakini chupa za Desanka hazikuhitaji maandishi. Ukionja kijiko kimoja tu ulijua mkono uliopika. Heshima yake yote ilikuwa ndani ya sufuria ile, naye aliilinda kama mboni ya jicho.

Mwaka huo kucha zake za miguu zilikuwa zimeoza kwa fangasi, ujira wa miaka mingi ya kushinda ndani ya mabuti ya mpira shambani. Mwezi wa Julai daktari alimwandikia vidonge, kimoja kila siku kwa miezi mitatu. Alivitia katika mfuko wa aproni ili asivisahau. Karatasi ya maelezo, yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, aliwashia jiko.

"Kucha ni kucha," alisema. "Nisome nini?"

Kufikia mwisho wa Agosti chakula kilianza kumpooza mdomoni. Jamu ya plamu haikuwa na utamu, naye akailaumu mvua. Septemba ilipofika, alichovya kipande cha mkate ndani ya sufuria ya ajvar, akaonja, akakunja uso.

"Radmila! Chumvi gani hii umeninunulia? Chokaa?"

"Ni ileile ya kila mwaka, mama," alijibu mke wa mwanawe.

Desanka akaongeza gao zima, akaonja, akaongeza jingine. Jioni Radmila akajaza chupa.

Wiki iliyofuata Stojanka, jirani wa ukuta kwa ukuta, alirudisha chupa mbili alizopewa zawadi.

"Desanka, shoga yangu, usinikasirikie. Nimekunywa maji ndoo nzima. Hii ni ajvar au umekausha samaki?"

Fedheha ilimpanda Desanka mpaka masikioni. Hakutaka hata kuonja. Alipiga hesabu yake kichwani, na hesabu ikakubali: yeye aliionja sufuria mpaka dakika ya mwisho na chumvi ilikuwa haijakolea, aliyejaza chupa ni Radmila.

"Miaka kumi na moja unaumezea mate mwiko wangu," alimfokea mezani mbele ya mwanawe Vidoje. "Umeona sifi, ukaona uniue jina!"

"Mama, sijatia hata punje."

"Basi wametia malaika!"

"Mama, hebu—" alianza Vidoje.

"Wewe kula!"

Radmila hakuwa mwanamke wa makelele. Siku ya tatu alifunga mabegi yake na ya binti yake aende kwa mama yake, huko mji wa Vlasotince. Alivumilia kuitwa mvivu, alisema, lakini kuitwa mharibifu wa jina la mtu hapana. Vidoje alilitoa gari bila kujua kama anampeleka mkewe matembezi au anamrudisha kwao moja kwa moja. Desanka aliviona viatu vidogo vya mjukuu wake mlangoni na moyo ukamuuma sana. Lakini kiburi kilimfunga mdomo.

Hata hivyo, katika nyumba ile mtu haondoki bila kahawa. Radmila aliipika huku machozi yakimtiririka, akachota koponi bila kutazama, akamimina vikombe vitatu. Desanka alikunywa chake mpaka kwenye machicha. Vidoje alipiga funda moja, akakimbilia dirishani kutema.

"Radmila! Hii bahari!"

Radmila alionja, akaziba mdomo. Alikuwa ametia chumvi badala ya sukari. Kisha akakitazama kikombe cha mavyaa wake.

"Mama... umeinywa yote?"

"Nimeinywa, kwani vipi? Kahawa yako siku zote ni maji."

Radmila alikata limau, akampa. Desanka alilitafuna kama mkate, uso haukutikisika. Alipoona wenzake wanavyomtazama, hofu ilimwingia.

"Sisikii ladha," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Radmila, mwanangu, sisikii ladha yoyote."

"Tangu lini?"

"Tangu zile plamu."

"Na kabla ya plamu ulianza kitu gani kipya, mama?"

Desanka alifikiri. Kisha mkono wake ukashuka polepole kwenye mfuko wa aproni.

Gari lililokuwa liende Vlasotince likaelekea duka la dawa. Mfamasia alifungua boksi jipya, akakunjua karatasi na kuweka kidole mahali.

"Haya, hapa. Wachache hupoteza ladha kwa dawa hii. Hukusoma, bibi?"

"Niliwashia jiko."

Mfamasia alimpigia daktari palepale. Daktari akaamuru vidonge visimame, na kesho yake akambadilishia dawa ya kupaka. Ladha ingerudi, alisema, ila polepole, pengine baada ya wiki nyingi.

Hoho za mwisho hazikuweza kungoja wiki nyingi. Jumamosi moto uliwashwa uani, na Desanka akasema kwa sauti ya kumfikia Stojanka ng'ambo ya ukuta, "Chumvi niliitia mimi! Radmila hakutia hata punje. Nimemkosea, na aniwie radhi."

Akachovya mkate sufuriani. Kwa mazoea mkono ulielekea kinywani mwake, akauzuia, akampa Radmila.

"Onja wewe, mwanangu. Ukisema imetosha, imetosha."

Radmila alionja, macho ameyafumba.

"Bado kidogo, mama."

"Tia."

Mabegi yalikuwa yamekwisha kufunguliwa. Desanka alimsaka adui sokoni, jikoni na chumbani kwa mwanawe, kumbe tangu Julai alikuwa akitembea naye katika mfuko wa aproni. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.