Kompyuta Isiyofunguka

Wapendwa, Neno tumekwisha kulisoma, na naona wengine mnachungulia dirishani kuona kama mvua imeacha. Haijaacha. Basi tukae vizuri, niwasimulie habari za mtu mmoja aliyekuwa akibuni kompyuta. Wazee msiogope, sitatumia maneno magumu. Hata ya kwangu nyumbani huwa naomba kuwashiwa.

Mtu huyu tumwite Ambakisye. Alikuwa mbunifu katika kampuni moja ndogo iliyounganisha kompyuta za mezani kwa ajili ya shule, zahanati na ofisi. Mnazikumbuka zile za zamani: kioo juu ya meza, boksi chini ya meza, na nyaya zimesokotana kama nywele zilizokosa kitana. Ambakisye ndiye aliyekuja na ile ya kipande kimoja. Mitambo yote ilikaa nyuma ya kioo chenyewe. Unaiweka mezani, unachomeka waya mmoja kwenye umeme, unaanza kazi. Ilikuwa nyembamba, imenyooka, haina hata skrubu moja ya kuonekana, kwa sababu kioo na mgongo wake vilishikanishwa kwa gundi pande zote nne. Watu waliipenda. Picha ya Ambakisye akiwa ameikumbatia ilitundikwa mapokezi, na kila asubuhi alipita mbele yake akijifanya haioni.

Ikapita miaka sita. Mkurugenzi akamwita, akamwambia wakati umefika wa kuibuni upya, lakini kwanza azunguke kwa watumiaji, awaulize wanatamani nini, ndipo arudi achore. Ambakisye alifurahi. Alinunua daftari, akaandika juu ya jalada neno moja tu, “Matumaini”, akapanda gari la kampuni na kuanza safari.

Na watu walikuwa na matumaini kwelikweli. Mwalimu wa jiografia alitaka kioo kipana, maana darasa lake la wanafunzi sitini lilikuwa likitazama ramani kwa zamu. Karani wa zahanati aliomba iwe na betri ya kuishikilia walau nusu saa umeme unapokatika, kwa kuwa wagonjwa hawaondoki foleni eti umeme umekatika. Mama mmoja wa ofisi ya chama cha wakulima wa chai alitaka spika zenye sauti, asikilize kwaya akiwa kazini. Kijana wa mapokezi alitaka shingo ya kompyuta iweze kupanda na kushuka, kwani yeye ni mrefu na mwenzake wa zamu ni mfupi. Kulikuwa na mkuu wa shule aliyetaka rangi ya dhahabu. Alipoulizwa kama ana jingine, akasema hana.

Ambakisye aliyaandika yote, hata la dhahabu. Kila tumaini lilimpa wazo, na kila wazo alilichora pembeni ya ukurasa. Lakini jambo moja alikuwa ameshaliamua kabla hata hajatoka ofisini: hiyo mpya itakuwa nyembamba kuliko ya kwanza.

Wiki ya pili akafika kwenye shule moja ya wasichana, huko juu milimani ambako ukungu huingia mpaka darasani. Katika ofisi ya katibu muhtasi alimkuta mama mmoja aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, akiitwa Mama Subilaga. Alikuwa akichapa barua kwenye kompyuta mpakato ya kuazima. Ile ya kampuni ilikuwa pembeni, juu ya meza yake yenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama watu wafunikavyo redio sebuleni.

Ambakisye akamwamkia, akajitambulisha kwamba anatoka kwenye kampuni, akaeleza alichojia. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Mama Subilaga akamkaribisha kiti, akafikiri kidogo, akasema hana mawazo yoyote juu ya kompyuta mpya. Ambakisye akambembeleza: hata dogo tu, mama.

“Mwanangu,” akasema, “mimi naomba hii ifunguke.”

Akaondoa kile kitambaa, akamsimulia. Alikuwa na desturi ya kubaki ofisini baada ya kazi akiandika historia ya shule ile, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiandika. Alikwenda kwa walimu wa mwanzo kabisa, waliokuwa wamebaki watatu. Mmoja wao, Mwalimu Ikupa, alikuwa amepofuka. Alimsimulia kwa kipindi chote cha masika, jinsi wasichana kumi na wanne wa kwanza walivyobeba mawe ya msingi wenyewe, na jina la kila mmoja wao. Mama Subilaga aliandika kurasa mia mbili na zaidi. Kisha feni ya kompyuta ikaziba kwa vumbi, kompyuta ikapata joto, ikazima, haikuwaka tena. Mafundi wawili wa mjini waliikataa. Walisema kazi yake haijapotea, imo humo ndani kwenye diski, ila hawana pa kuingilia. Wakilazimisha, wataharibu kila kitu. Miaka miwili sasa. Na katika miaka hiyo miwili wale walimu watatu wote wamezikwa.

“Wananiambia niitupe,” akasema. “Siwezi. Wamo humu.”

Ambakisye akauliza, kwa sauti ndogo, anamwonaje mtu aliyeitengeneza namna hiyo. Mama Subilaga hakukasirika. Alisema, “Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Nadhani tu hakuwahi kufikiri kwamba kitu chake kinaweza kuharibika.”

Ndugu zangu, ninyi mngefanya nini hapo? Mngesema, “Mama, ni mimi”? Ni rahisi kujibu ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa. Ambakisye aliandika katika daftari lake, “Ifunguke,” akashukuru, akaaga, akaingia garini.

Aliporudi kampunini, kikao kikaitishwa. Akasimama akasoma matumaini ya watu, moja baada ya jingine. Kwenye rangi ya dhahabu watu wakacheka. Alipofika ukurasa wa Mama Subilaga, akafunua kurasa mbili kwa pamoja. Hakuna aliyejua. Mkurugenzi alimpa mkono, akamwambia aanze kuchora, na akataja kwamba kuna gundi mpya inayoshika kuliko ile ya zamani.

Siku tatu Ambakisye alikaa mbele ya karatasi asichore kitu. Siku ya nne akashuka karakana wakati wa chakula cha mchana, akachukua kompyuta moja mbovu iliyorudishwa na mteja, akaiweka mezani, akatia kisu kwenye ukingo. Alitaka tu kujua kama inawezekana. Alisukuma, akasukuma tena, kioo kikapasuka kutoka pembe mpaka pembe. Akachukua ya pili. Nayo ikapasuka.

Kumbe hakuwa peke yake. Fundi mmoja, dada aliyeitwa Tuponile, alikuwa mezani kwake akila. Huyu alikuwa ameunganisha kompyuta hizo tangu ya kwanza kutoka. Akanawa mikono, akasogea, akamwambia kisu hakifai. Gundi ile hutaka joto la polepole: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, unaipitisha ukingoni taratibu mpaka ilegee, kisha unakata kwa uzi wa nailoni. Yeye alikuwa ameshafungua saba kwa njia hiyo. Mbili tu ziliharibika.

Ambakisye akamtazama, akamwuliza kama angekubali kwenda naye mahali.

Wakapanda kule shuleni wawili. Safari hii Ambakisye hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama mbele ya meza, akasema, “Mama, juzi sikukwambia ukweli. Huyo uliyemzungumzia ni mimi. Mimi ndiye niliyesema ifungwe kwa gundi.”

Wasichana walikuwa wakipita nje na ndoo zao, sauti zikaja zikapotea. Mama Subilaga alikuwa na haki ya kusema mengi, na Ambakisye alikuwa amejiandaa kuyapokea. Lakini yule mama alikwenda zake jikoni kwa walimu, akarudi na chupa mbili za maji ya moto.

“Haya,” akasema, “fungueni.”

Iliwachukua mchana mzima. Tuponile alishika uzi, Ambakisye alishika chupa na kufanya alivyoelekezwa: hapa, ngoja, sogeza, ngoja. Pande tatu zililegea vizuri. Upande wa nne, joto lilikuwa halijatosha, na Ambakisye akavuta mapema. Kioo kikalia, kikapasuka. Aliachia mikono yote miwili. Lakini Mama Subilaga hakutazama hata vile vipande. Aliinama akachungulia ndani, ambako vumbi lilikuwa limejaa kama pamba kwenye mto, akauliza diski ni ipi.

Tuponile akaichomoa, akaiunga kwa waya kwenye ile kompyuta ya kuazima. Wakasubiri. Kurasa zikafunguka. Mama Subilaga akavaa miwani, akaanza kusoma kwa midomo bila sauti, na alipofika kwenye majina ya wale wasichana kumi na wanne akavua miwani, akaomba apishwe kidogo, akatoka nje. Hawakumfuata.

Wapendwa, ningeweza kuishia hapa, nanyi mngekwenda nyumbani mmefurahi. Ila kuna jambo moja lilitokea njiani wakati wa kurudi.

Ambakisye alikuwa akiendesha. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alimshukuru Tuponile, akamsifu, akasema kampuni haikujua ina fundi wa namna hii. Kisha akamwuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini hakusema chochote miaka ile sita iliyopita, wakati kompyuta bado iko kwenye mchoro. Angemwambia tu, haya yote yasingetokea.

Tuponile hakugeuka. Alikuwa akitazama barabara.

“Nilikwambia, kaka,” akasema. “Siku mbili kabla hatujaanza kupaka gundi. Nilikuja mpaka mezani kwako. Nikakwambia feni itaziba, tutaifungua vipi. Ukaniambia nirudi kwenye kazi yangu.”

Ambakisye alipekua kichwa chake chote. Alikumbuka mchoro, alikumbuka rangi, alikumbuka hata shati alilovaa siku ya kupigwa picha. Hilo hakulikumbuka kabisa. Wala sura ya dada yule akiwa amesimama mbele ya meza yake hakuiona popote.

Ndipo alipoegesha gari pembeni ya barabara, akamwomba msamaha. Na kesho yake asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi, akasoma ule ukurasa wa Mama Subilaga, akaeleza kwa nini aliuruka, akaomba mchoro mpya wachore wawili, yeye na Tuponile. Mkurugenzi hakupenda. Walibishana miezi. Mwisho kompyuta mpya ikatoka ikiwa nene zaidi kwa upana wa kidole, na nyuma ina skrubu nane ambazo fundi yeyote wa mtaani anaweza kuzilegeza. Wengine walisema ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Ni kweli, ilikuwa nzuri zaidi.

Sasa turudi kwetu sisi.

Sisi nasi hupenda kubuniwa upya. Tunakuja hapa na matumaini yetu tumeyaandika: Bwana, nifanye mpole, Bwana, inyooshe nyumba yangu, nifanye nionekane mpya. Na ni maombi mema. Lakini nani kati yetu amewahi kuomba, Bwana, nifanye mtu anayefungulika? Mtu ambaye mke wake anaweza kumwambia, hapa umekosea, na nyumba isitikisike? Mzazi ambaye mtoto anaweza kumwambia, uliniumiza? Mchungaji, ndiyo, mchungaji, ambaye mzee wa kanisa anaweza kumwambia, mahubiri yale yalimvunja fulani moyo?

Tumejipaka gundi pande zote nne. Na vumbi linaingia vilevile.

Kinachonitisha mimi katika habari hii si ile gundi. Kinachonitisha ni kwamba Ambakisye alikwenda mbali, milima na mabonde, na daftari mkononi, kuuliza wageni wanataka nini. Aliyekuwa na jibu alikaa miaka sita katika jengo lake, akiingia kila asubuhi kwa mlango uleule. Na siku alipomnyamazisha haikumwachia hata alama. Je, sisi tumewanyamazisha wangapi ambao hatuwakumbuki? Wao wanatukumbuka. Wanajua ilikuwa siku gani, na tulikuwa tumesimama wapi.

Basi leo sitawapa aya ya kukariri. Nawapa kazi. Ukitoka hapa, kabla ya chakula cha mchana, mwendee mtu mmoja wa karibu yako. Usimweleze mfano huu, usijitetee, usianze na habari za kazi zako nyingi. Mwulize tu, “Kuna kitu uliwahi kuniambia nikakataa kukisikia?”

Kisha vuta kiti, ukae. Atachukua muda kuamini kwamba unauliza kweli.